Kontena Lako Linalala Wapi?

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlio mbele, kina mama, mawakala wa forodha, madereva mlioacha magari kwenye foleni ya Kibarani ili mje kunisikiliza, na nyinyi vijana mnaosomea mambo ya uchukuzi: ahsanteni kwa kuja hapa Changamwe Jumamosi kama hii, jua likiwa bado kali.

Kijana mmoja anayekomboa mizigo alinijia nyumbani akiwa amebeba faili lake kwapani. Akaniambia, "Mzee, meli ilifunga gati Jumatatu. Kontena langu limetoka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku 10 zote lilikuwa likifanya nini mle ndani?"

Nilifanya kazi ya kupanga yadi, ule uwanja wa bandari makontena yanakowekwa, miaka 22, na nakiri kuwa hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko hilo. Wengi huuliza litatoka lini. Yeye aliuliza lilikuwa likifanya nini. Tukaketi barazani na karatasi, tukaanza kuandika.

Kreni ililitoa melini kwa dakika 2. Trekta la bandari lililipeleka yadi kwa dakika 15. Kulipandisha kwenye rundo, dakika 5. Siku moja lilisogezwa kwa sababu mwenye kontena la chini yake alifika kabla yetu, dakika 5 tena. Skana pamoja na foleni yake, dakika 30. Kupakiwa kwenye lori, dakika 10. Getini, karatasi na sili zikikaguliwa, dakika 20. Jumlisheni wenyewe: dakika 87. Saa moja na nusu haikutimia. Na siku 10 ni saa 240.

Kwa hiyo kontena la yule kijana lilifanya kazi saa moja na nusu, na saa 238 na zaidi lilikuwa limelala. Nataka mkiondoka hapa leo muwe mnajua lilikuwa limelala wapi, nani alililaza, na kwa nini usingizi huo ndio unaoamua bandari yetu ya Mombasa ina ukubwa gani.

Tukizungumzia uwezo wa bandari, tumezoea kutaja gati, kreni, ekari na reli. Ni vitu vya kweli, vimegharimu fedha nyingi, na baadhi yenu mmevijenga kwa mikono yenu. Lakini yadi hujazwa na siku.

Chukua nyumba ya wageni yenye vitanda 10. Wageni wakilala usiku mmoja mmoja, kwa mwezi utapokea wageni 300. Wakilala siku tatu tatu, utapokea 100. Hukubomoa ukuta, hukuuza kitanda, lakini theluthi mbili ya nyumba yako imepotea. Wahenga wetu waliielewa hesabu hii kabla ya kompyuta, ndipo wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanuni yenyewe ni nyepesi: idadi ya walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa siku, mara siku wanazokaa. Mmarekani aitwaye John Little aliithibitisha kihesabu mwaka 1961, na tangu hapo inatumika hospitalini, benki, viwandani na bandarini. Haijali kama unahesabu wagonjwa au makontena.

Sasa tuilete Kilindini, bandarini kwetu. Mwaka 2023 bandari yetu ilihudumia takriban TEU milioni 1.62. TEU ni kontena la futi 20. La futi 40 huhesabiwa mawili. Mwaka 2024 tulipita milioni 2 kwa mara ya kwanza. Ukigawa milioni 2 kwa siku 365 unapata karibu 5,480 kwa siku. Humo mna yanayoshuka na yanayopanda, yaliyojaa na matupu, kwa hiyo kwa urahisi wa hesabu tuchukue kuwa nusu ndiyo inayoshuka. Hiyo ni TEU 2,740 kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo.

Yakikaa siku 3, yadi inabeba 8,220. Yakikaa 6, inabeba 16,440. Yakikaa 9, inabeba 24,660. Kila siku moja inayoongezeka inadai nafasi ya makontena 2,740 zaidi. Ukiyapanga manne kwenda juu, unahitaji nafasi 685 za chini, na kila nafasi ina takriban mita za mraba 15. Njia za matrekta na kreni zikichukua eneo sawa na hilo, siku moja tu ya kuchelewa inakula karibu viwanja vitatu vya mpira. Siku moja! Fikirieni eneo hilo tungelipata wapi hapa Mombasa. Pale Kipevu ilibidi tujaze bahari.

Hapo Kipevu nakaa kidogo, maana ndipo watu wengi hukosea kusoma takwimu. Kituo cha pili cha makontena, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani, kilikamilika awamu ya kwanza mwaka 2016, na tukaambiwa kina uwezo wa TEU 550,000 kwa mwaka. Awamu ya pili ilikamilika 2022 ikaongeza 450,000. Namba hizo si za uongo. Lakini 550,000 haikumwagwa pamoja na zege. Mhandisi anapoandika namba ile huwa ameshakadiria kontena litakaa siku ngapi. Likikaa mara mbili ya alivyokadiria, uwezo unakuwa nusu, na hakuna ufa utakaouona ukutani. Tunaweza kuibomoa nusu ya Kipevu bila kugusa jiwe, kwa kuchelewesha karatasi tu.

Tukitoka yadi tunafika njia panda ambayo imetugawanya watu wa Mombasa kwa miaka: lori au reli.

Nitasema wazi nilipokuwa. Mwaka 2019, ilipotolewa amri kwamba mizigo ya kwenda bara ipande reli, watu waliandamana hapa mjini, na mimi nilikuwa upande wao. Niliona vibanda vya chakula vikifungwa Miritini na Jomvu. Niliona utingo vijana wakirudi kwa mama zao. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamua kuwa amri ile haikufuata sheria. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais Ruto akatangaza kuwa ukombozi wa mizigo unarudi Mombasa. Historia hiyo mnaijua, wengine mna makovu yake.

Lakini baada ya kukaa na hesabu kwa muda mrefu naona kuwa pande zote mbili tulikuwa tukigombania mahali, wapi mzigo ukombolewe, na hakuna aliyesimama kuuliza siku. Mwaka 2018, treni za mizigo zilipoanza, shehena ilipelekwa kwa wingi bandari kavu ya Embakasi, na baada ya miezi michache Embakasi ikajaa makontena mpaka wafanyabiashara wa Nairobi wakalia. Reli ilifanya kazi yake vizuri: ilibeba. Kilichotokea ni kwamba mgeni yule yule mwenye usingizi wake ule ule alihamishwa kutoka kitanda cha Kilindini hadi kitanda cha Embakasi. Karatasi zilikuwa zile zile, mwenye mzigo yule yule, benki ile ile. Tulihamisha siku, hatukuzipunguza. Na bado kutoka Embakasi hadi ghala la mwenye mzigo lilihitajika lori.

Sasa wenzangu wa malori, msishangilie bado. Zile TEU 2,740 tukizibeba zote kwa barabara, kila lori likichukua futi 40, ni malori 1,370 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya: lori moja kila sekunde 63, usiku na mchana, linapita Makupa au Changamwe kwenda Mariakani kwenye mzani, na jingine linarudi upande wa pili kwa kasi hiyo hiyo. Kila lori linaloharibika pale Mazeras kwa saa moja linakuta wenzake 57 nyuma yake. Nyinyi mnaijua barabara hiyo kuliko mimi, na mmewazika wenzenu humo.

Na nyinyi wa reli, hesabu yenu ni hii. Treni ya mizigo ya SGR, reli yetu mpya, ina mabehewa 54. Yakipakiwa safu moja, kila behewa TEU mbili, ni 108. Treni moja imeondoa malori 54 barabarani, na hilo si jambo dogo. Kila ninaposikia honi usiku upande wa Port Reitz nashukuru. Lakini kubeba 2,740 kwa treni kunahitaji treni zaidi ya 25 kwenda juu, na 25 kurudi, kila siku, juu ya njia moja ambayo treni hupishana stesheni tu, na abiria nao wana treni zao. Kupandisha makontena safu mbili kunasaidia, lakini kontena zito haliwekwi juu ya jingine zito vivi hivi, maana behewa lina kikomo chake cha uzito, na kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi ni mlima wa mita zaidi ya 1,600.

Kwa hiyo hakuna hata mmoja kati yenu anayeweza kuimaliza kazi hii peke yake. Nasema hivyo kwa kuwa hesabu imekataa.

Na reli nayo ina usingizi wake, ambao watu wa nje hawauoni. Seti moja ya mabehewa ikipakiwa hapa, ikaenda, ikashushwa, ikapakiwa tena, ikarudi, huo ni mzunguko mmoja. Tuseme unataka kutuma treni 10 kwa siku. Mzunguko ukichukua saa 36, unahitaji seti 15. Ukichukua saa 48, unahitaji seti 20. Zile saa 12 za ziada zinakudai seti 5, yaani mabehewa 270 na vichwa vya kuyavuta. Mara nyingi saa hizo hazipotei njiani. Treni haichoki Voi wala Mtito Andei. Zinapotea mwishoni, mabehewa yakisubiri kushushwa kwa sababu yadi ya Embakasi haina pa kuweka, au yakisubiri mzigo wa kurudi. Ndiyo maana mtu akiniambia tununue mabehewa zaidi, kwanza namuuliza: yaliyopo yanasimama wapi, na kwa saa ngapi?

Mzigo wa kurudi ni huzuni nyingine. Tunaagiza zaidi ya tunavyouza nje. Chai inashuka, kahawa inashuka, parachichi zinashuka, lakini hazijazi treni zote, kwa hiyo makontena mengi yanarudi Mombasa matupu. Kontena tupu halina mwenye haraka. Mwagizaji ameshatoa mzigo wake, mwenye meli anasubiri meli yake, na hesabu za demareji, malipo ya kuchelewesha kontena la mwenye meli, zinatembea mchana na usiku. Nafasi ambayo kontena tupu linakalia ni ile ile ambayo lililojaa dawa lingekalia. Yadi haiwezi kuyatofautisha.

Wanaosafirisha kwenda Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini wana tatizo jingine tena. Reli yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu 1901, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Mpya ina 1,435. Behewa la moja halitembei juu ya nyingine. SGR imeishia Naivasha tangu 2019, kwa hiyo mzigo wa Kampala unaopanda reli hiyo mpya hushushwa hapo, ukapandishwa reli ndogo au lori kwenda Malaba mpakani. Kila anayeshusha na kupandisha ameanzisha yadi, na kila yadi ina vitanda vyake na wageni wake. Ukitaka kujua mzigo utachukua muda gani kufika Kampala, usihesabu kilomita. Hesabu ni mara ngapi utashushwa chini.

Naomba maji kidogo.

Nilisema yadi hujazwa na siku. Kuna jambo la pili ambalo lilinichukua miaka kulielewa, nalo ni kwamba yadi haijai polepole. Inakuwa sawa, inakuwa sawa, kisha asubuhi moja haiko sawa kabisa.

Geti lenye karani mmoja linaweza kueleza hilo. Malori yanafika bila mpangilio, mengine yanafuatana, mengine yanaachana. Karani akiwa na shughuli nusu ya muda wake, kwa wastani utakuta lori 1 pale, pamoja na linalohudumiwa. Akiwa na shughuli asilimia 80, utakuta 4. Asilimia 90, utakuta 9. Asilimia 95, utakuta 19. Angalieni kilichotokea kati ya 90 na 95: kazi imeongezeka kidogo tu, foleni imezidi maradufu. Aliyewahi kusubiri feri Likoni saa kumi na moja jioni amelihisi hili kwenye miguu yake. Feri moja ikitoka kazini, watu hawaongezeki hata mmoja, lakini foleni inafika barabarani.

Kwa sababu hiyo huwa nasikitika nikisikia mtu akijivunia kwamba yadi yake inatumika asilimia 95. Huo ni ugonjwa. Yadi ikipita asilimia 80 hivi inaanza kujila yenyewe, na nitawaambia jinsi inavyojila.

Rundo la makontena matatu: ukihitaji moja lolote, kwa wastani kuna 1 juu yake. Rundo la matano: kwa wastani kuna 2 juu yake, na mara nyingine manne. Kila la juu lazima lisogezwe, na kulisogeza kunahitaji mashine ile ile iliyotakiwa ikupakilie wewe, na pa kuliweka, ambapo hapapo, maana yadi imejaa. Kwa hiyo unaliweka juu ya rundo jingine, na sasa huko nako umemfunika mtu. Unapofikiri umemaliza kazi ya leo, umetengeneza kazi ya kesho.

Liko kontena moja ambalo sitalisahau. Lilikuwa la futi 20, limebeba vifaa vya hospitali, na karatasi zake zote zilikuwa zimekamilika, ushuru umelipwa, lori limesimama nje. Lilikuwa kwenye bohari moja ambayo sitaitaja, nami nilikuwa zamu. Mfumo ulionyesha liko safu fulani, chini kabisa. Tulipofika hapo halikuwepo. Usiku uliotangulia mtu alisogeza makontena kwa haraka bila kuandika. Tulilitafuta siku 6. Siku 6 tukizunguka na tochi, tukisoma namba moja moja, kwenye yadi iliyojaa mpaka mlangoni. Aliyekuwa akilisubiri alikuwa mama mmoja, mhasibu wa hospitali, alikuja kila siku asubuhi na kofia ya majani, akaketi kwenye jiwe nje ya geti. Hakupiga kelele hata siku moja. Siku ya sita tulipolipata, lilikuwa hatua 20 tu kutoka mahali tulipoanza, chini ya manne. Nilipompelekea habari aliniuliza kitu kimoja: "Na lililokuwa juu yake, lilikuwa la nani?" Nilimjibu kwamba halikuwa na mtu wa kulidai. Mengi ya yale manne yalikuwa mizigo ambayo wenyewe hawajaanza hata kulipia.

Tangu siku hiyo sijaweza kuiita storeji, ile ada ya kontena kukaa yadi, adhabu tu. Kuna siku za bure, ambazo kwa muda mrefu wa bei zetu zilikuwa nne kwa mizigo ya nchini na tisa kwa ya transiti, inayopita kwenda nchi jirani, kisha malipo yanaanza na kupanda. Nawajua wafanyabiashara wadogo ambao storeji imewafilisi bila kosa lao, na hao nitawatetea daima: mtu aliyecheleweshwa na mfumo wa kompyuta uliolala, au na mzigo uliopelekwa kukaguliwa ukasahauliwa, asilipe hata senti. Lakini wapo wakubwa ambao yadi ya bandari kwao ni ghala la bei nafuu kuliko ghala la mjini. Wanaleta makontena 60, wanayachukua matatu matatu wakipata wateja. Hao ndio waliokuwa juu ya vifaa vya yule mama. Jembe la siku ya tatu litengenezwe kwa ajili yao.

Meli nazo hazifiki kwa wastani. Hesabu zangu zote za 2,740 kwa siku ni za karatasini. Baharini mambo huja kwa mafungu. Meli moja ikifungiwa kreni tatu, na kila kreni ikishusha makontena 25 kwa saa, hayo ni 75 kwa saa. Karibu nusu yake ni ya futi 40, kwa hiyo ni kama TEU 110. Rudini kwenye treni yetu: 108. Meli moja inatapika treni nzima kila saa, na inaweza kutapika hivyo mchana kutwa na usiku kucha. Zikiwa tatu gatini kwa pamoja, hakuna reli wala barabara itakayofuata mwendo huo. Yadi ndiyo inayopokea tofauti, ndiyo kazi yake hasa. Iliwekwa iwe kifua cha kuvuta pumzi, tukaifanya stoo. Tangu mwisho wa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, ratiba zilivurugika, meli zilizotakiwa kuachana zikawa zinafika pamoja. Bandari yenye nafasi tupu hupumua ikamaliza. Iliyojaa asilimia 95 inasimama, na meli zinabaki nje zikisubiri kupita mlango wa Likoni.

Sasa narudi kwa kijana wangu na faili lake, maana hatukumaliza.

Zile siku 10 tulizigawa. Siku 2 zilikuwa za yadi yenyewe: rundo, mashine iliyoharibika, geti lililojaa. Siku 1 ilikuwa ya kutafuta lori, kwa sababu alianza kulitafuta baada ya kila kitu kukamilika. Siku 2 zilikuwa za fedha: mwenye mzigo alikuwa anangoja benki. Na siku 5, nusu nzima, zilikuwa za karatasi. Jina la mpokeaji lilikosewa herufi moja kwenye hati ya meli, likarudishwa kusahihishwa, ikaingia Ijumaa, ikapita wikendi, ikaanza upya Jumatatu. Ilhali meli ile ilikuwa baharini siku nyingi kabla ya kufika, na hati yake ya mzigo ilikuwa imeshatumwa. Forodha inaruhusu kuandikisha mzigo kabla meli haijafunga gati. Ile herufi moja ingeweza kusahihishwa meli ikiwa bado inakata maji.

Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo hata wangenijengea gati jingine, langu lingetoka siku ile ile?" Ndiyo. Lingetoka siku ile ile.

Sipingi magati. Nataka gati zaidi, nataka njia ya pili ya reli, nataka barabara ya Dongo Kundu ibebe sehemu yake. Nataka pia wakubwa watakapokuja kutuomba tuunge mkono mradi mwingine, tuwe na kitu mkononi cha kuwauliza. Na kitu hicho hatuna. Wenye mifumo wana takwimu zao, kila mmoja anapima kipande chake na kukisifu. Mwenye gati anapima saa za meli. Mwenye reli anapima idadi ya treni. Forodha inapima muda wa kupitisha hati kuanzia hati inapoingia kwake, hata kama ilikaa siku 4 mlangoni. Ukiwasikiliza wote, kila mmoja ni hodari, na kontena limechukua siku 10. Siku zinapotea kwenye maungio, pale mmoja anapomaliza na mwingine hajaanza, na maungio hayana mwenyewe.

Mawakala, hayo maungio mnayaona nyinyi peke yenu. Nyinyi ndio mnaolifuata kontena moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nimekuja na madaftari 30, yako mezani pale mlangoni, nimeyapiga mistari mwenyewe. Kwa kila kontena andika nyakati sita, tarehe na saa: meli ilipofunga gati, kontena lilipotua yadi, karatasi za mwisho zilipokubaliwa, lilipopandishwa lori au behewa, lilipofunguliwa na mwenyewe, na kontena tupu liliporudi. Usiandike jina la mteja wala thamani ya mzigo. Pembeni andika neno moja la sababu ya kila pengo linalozidi siku moja: karatasi, fedha, mashine, lori, treni, ukaguzi. Madereva, mlango mnaousubiri na saa mliyofika, hilo pekee linatosha.

Kila daftari likirudi na makontena 50 tutakuwa na 1,500, yaliyofuatwa mwanzo hadi mwisho, ya kwetu wenyewe. Nitakaa na vijana wa hesabu, tutayajumlisha, na tutajua kati ya siku 10 za Mombasa ni ngapi za zege na ngapi za usingizi.

Tunakutana hapa hapa baada ya miezi mitatu, Jumamosi ya kwanza, saa nane mchana. Walioketi nyuma waanze kuchukua madaftari, wengine tuendelee na maswali. Naam, mama mwenye kitambaa cha kijani, tafadhali.